Kupisha, Kupishana na Uchovu wa Zamu: Istilahi za Kuepusha Migongano ya Vyombo

Makala haya yanakusudia kuchunguza kundi dogo la istilahi za usalama wa safari, hasa zile zinazoeleza uchovu wa mabaharia wa manowari na jinsi vyombo viwili vinavyoepuka kugongana katika maji yenye msongamano. Huenda msomaji akashangaa kuona kwamba baadhi ya mifano yetu tumeitafuta Tabora, mji ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani kwa njia ya reli. Sababu yake ni nyepesi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, ilikuwa mojawapo ya njia kuu zilizokieneza Kiswahili bara, na watu waliopita humo walihitaji maneno ya kueleza mambo yale yale yanayomhusu nahodha wa leo: nani atangulie, nani apishe, nani akeshe na nani apumzike.

Haja ya istilahi hizi si ya nadharia tu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilikubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Lugha rasmi za Shirika la Kimataifa la Bahari ni sita, na Kiswahili si mojawapo. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mwalimu, ofisa na hakimu anayetaka kuzisoma kanuni hizo kwa Kiswahili hana budi kutegemea kalamu ya mfasiri, na kosa la kiambishi kimoja laweza kuhamisha wajibu kutoka chombo kimoja hadi kingine.

1. Kupisha, kupishwa na kupishana

Richard Burton, aliyefika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani, ameeleza desturi za misafara ilipokutana njiani. Msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia. Misafara miwili ya Wanyamwezi iliweza kugombana, hata kupigana kwa mipini ya mikuki. Ikiwa ni ya kirafiki, viongozi wake, ambao Burton anawaita kirangozi, walijongeleana kwa madaha, wakainama kwa pamoja, wakapigana vichwa kama kondoo dume, na wafuasi wao wakaiga hadi wote wakaangua kicheko. Hata hivyo, mwisho wa mchezo upande ulio dhaifu ulipisha na kutoa zawadi ndogo.

Kanuni za bahari nazo zinamtaja anayepisha, lakini kigezo chake si nguvu. Kigezo ni mahali chombo kilipo. Vyombo viwili vya injini vinapokatizana njia, chombo kinachokiona kingine upande wake wa kulia ndicho kinachopaswa kupisha. Chombo kinachotaka kukipita kingine kutoka nyuma ndicho kinachopaswa kujiepusha. Manowari haipishwi kwa kuwa tu ni manowari.

Hapa ndipo mfasiri anapojaribiwa. Tumewahi kuona rasimu zinazosema kwamba vyombo vinavyokatizana njia “vitapishana”. Sentensi hiyo ni Kiswahili sanifu, lakini sheria yake ni mbovu. Kiambishi -an- kinagawa tendo kwa pande zote mbili, ilhali kanuni imemtwika mmoja tu. Nahodha wawili wakiisoma vile, kila mmoja atamngojea mwenzake, au wote watageuka kwa wakati mmoja. Tunapendekeza: chombo kinachopisha kwa kile chenye wajibu wa kuacha njia, na chombo kinachopishwa kwa mwenzake. Aidha, ifahamike kwamba kinachopishwa hakikai bure. Kinatakiwa kushika mwelekeo na mwendo wake ili anayepisha ajue la kufanya.

Neno kupishana lina mahali pake. Vyombo viwili vya injini vinapokutana ana kwa ana, kila kimoja hugeuka kulia ili vipitane kushoto kwa kushoto. Huko ndiko kupishana hasa. Vivyo hivyo, treni mbili hupishana kwenye stesheni za njia moja ya reli, kama zile za Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912: moja husubiri kwenye njia ya pembeni kwa amri, na nyingine hupita. Mpango ni wa pande mbili, na neno linaonyesha hivyo.

2. Kugonga na kugongana

Kiambishi hicho hicho hutusaidia pia tunapotofautisha ajali. Meli ikipiga gati au nguzo imegonga. Meli mbili zikikutana kwa kishindo zimegongana, na tukio lenyewe ni mgongano. Lugha nyingine hulazimika kutafuta maneno mawili yasiyo na uhusiano. Sisi tunayo katika mnyambuliko mmoja. Yafaa waandishi wa taarifa waitunze tofauti hii, kwani “meli imegonga meli” huelekeza lawama kabla uchunguzi haujaanza.

3. Uchovu, uvivu na uzembe

Tarehe 17 Juni 2017, manowari ya Marekani Fitzgerald iligongana na meli ya mizigo ACX Crystal karibu na Japani, wakafa mabaharia 7. Fitzgerald ndiyo iliyopaswa kupisha. Tarehe 21 Agosti mwaka huo huo, manowari John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Mlango-bahari wa Singapore, wakafa 10. Maji yote hayo yana msongamano mkubwa wa vyombo. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani walitaja, pamoja na upungufu wa mafunzo na usimamizi, kwamba uchovu wa mabaharia haukudhibitiwa ipasavyo. Baada ya ajali hizo jeshi la majini la nchi hiyo liliagiza zamu zipangwe kwa kufuata mzunguko wa mwili wa saa 24.

Mfasiri akiandika kwamba mabaharia walikuwa na “uzembe” au “uvivu”, amebadili hukumu. Uzembe ni kosa la mtu anayeweza kufanya wajibu wake asiufanye. Uchovu ni hali ya mwili ulionyimwa usingizi, na mara nyingi chanzo chake ni ratiba iliyopangwa na mwingine. Tukichanganya maneno haya, mkubwa aliyepanga zamu mbaya ataachwa, na kijana aliyesinzia kwenye usukani ataadhibiwa peke yake.

Njia ya misafara ilikuwa na neno linalotufundisha jambo hili. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa kawaida alianza kutembea alfajiri na kupumzika jua lilipokuwa kali. Lakini katika nyika isiyo na maji, kama Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, msafara ulilazimika kuondoka tena mchana, ukalala bila maji, ukayafikia kesho yake. Mwendo huo uliitwa tirikeza, na wengine waliandika terekeza. Neno hili halimtaji mpagazi kuwa mvivu wala hodari. Linautaja mpango wa safari uliomchosha. Hatusemi kwamba liingizwe katika kanuni za manowari. Tunasema kwamba istilahi nzuri ya uchovu ifanye kazi kama hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza uchovu wa zamu kwa uchovu unaotokana na mpangilio wa kazi, na uchovu wa kulimbikizana kwa ule unaoongezeka siku baada ya siku pasipo usingizi wa kutosha.

4. Zamu na maneno yanayoambatana nayo

Neno la Kiingereza lenye maana ya kipindi cha ulinzi melini ndilo hilo hilo linalotumika kwa saa ya mkononi, na mfasiri mwenye haraka ameweza kuandika “ofisa wa saa”. Istilahi ni ofisa wa zamu. Mahali anaposimama paitwe chumba cha usukani. Tukiita “daraja” msomaji atafikiria mto. Anayetazama mbele na pande zote kwa macho na masikio aitwe mwangalizi, kwani “mlinzi” hudokeza silaha na lango.

Saa za mapumziko nazo zisiitwe “likizo”. Mkataba wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2010, unadai mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mkataba huo hauzihusu manowari. Kwa hiyo mfasiri asiongeze neno “zote” baada ya “meli” pale ambapo matini asilia haina. Kanuni za kuzuia migongano, kinyume chake, zinazihusu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika matini za usalama swali la kwanza la mfasiri ni hili: nani amepewa wajibu? Akishalijibu, mnyambuliko wa Kiswahili utamsaidia kuliweka wazi: apishe, apishwe, au wapishane. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ubaharia na vya reli, pamoja na wafasiri wa sheria, wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni. Istilahi itakayokubaliwa ni ile ambayo ofisa wa zamu, saa tisa za usiku na macho yakiwa mazito, ataisoma mara moja na kujua kama yeye ndiye wa kugeuza usukani.