Weusi Kwenye Suke la Ngano

Mwaka 1998, nchini Uganda, kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kimelea cha kuvu, ilionekana kwenye ngano ambayo haikutakiwa kuugua. Ngano hiyo ilikuwa na Sr31, jeni ya kuzuia kutu iliyotoka kwenye nafaka ya rai na kutegemewa sehemu nyingi duniani. Kimelea hicho kipya kikaitwa Ug99. Hakikuchelewa kuingia Kenya, na huko kikazaa ndugu walioshinda jeni nyingine za kinga, Sr24, kisha Sr36.

Kosa lilikuwa kumwachia mlinzi mmoja nyumba nzima. Tiba inajulikana: rundika jeni kadhaa ndani ya mbegu moja. Kazi ni kuziona. Jeni kali ikishazuia kutu, mmea wenye jeni moja na wenye jeni nne husimama shambani yote ikiwa safi; macho hayatofautishi.

Wazee wa kazi hii walikuwa na ujanja wao. Sr2, jeni ambayo Edgar McFadden aliitoa kwenye ngano ya kale na kuiingiza kwenye ngano ya mkate huko South Dakota, Marekani, huandamana na weusi kwenye maganda ya suke na karibu na vifundo vya shina. Ukiona weusi, jeni huenda ipo. Ila weusi huo hufuata hali ya hewa, na hausubiriki: hadi utokee, msimu umekwisha.

Alama ya kinasaba ni weusi wa namna hiyo, ila hukaa ndani ya DNA. Unakata kipande cha jani la mche, unakisaga, unatoa DNA, unanakili sehemu iliyo jirani na jeni. Kwa Lr34, jeni inayopunguza makali ya kutu za aina tatu, kipande cha herufi 150 kwa kawaida maana yake ipo. Cha 229, haipo. Mche bado mchanga, nawe umeshajua wa kung'oa na wa kutunza. Na hayo ni katika nafaka yenye herufi takriban bilioni 16, mara tano ya binadamu!

Lakini alama hukuambia jeni ipo, haikuambii kama bado ina nguvu. Ndiyo maana maelfu ya mbegu za majaribio kutoka nchi nyingi hupelekwa Njoro, Kenya, na kupandwa makusudi palipo na Ug99. Ngano ya aina ya Robin, iliyopendwa na wakulima wa Kenya, ilikuwa na jeni ya SrTmp. Kufikia 2014 ukoo wa Ug99 ulikuwa umeishinda hiyo nayo.