"Kazi" ya Pagazi na "Kazi" ya Fizikia

Katika karne ya 19 mapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Hakuna atakayekana kwamba walifanya kazi. Lakini katika fizikia, kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali uliopitwa katika mwelekeo wa kani hiyo. Pagazi ainuapo mzigo, aufanyia kazi. Atembeapo tambarare kwa mwendo usiobadilika, kani yake yaelekea juu, mzigo waenda mbele: kazi juu ya mzigo ni sifuri. Mwalimu asipobainisha maana hizi mbili, mwanafunzi atadhani fizikia yakanusha jasho la babu zake. Twashauri wanafunzi waelezane mfano huu kwa Kiswahili, aliyeelewa amtie moyo mwenziwe.