Shokapu za Pijo la marehemu baba mkwe

Marehemu baba mkwe alituachia shamba, deni dogo na gari aina ya Peugeot 504 ya milango minne, rangi ya maziwa. Shamba tunalima, deni tulimaliza. Gari ndilo lililotaka kunigombanisha na mume wangu.

Kwake yeye hiyo ni Pijo ya baba. Hata usipomuuliza atakwambia kuwa 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na kwamba Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975. Kwangu ni usafiri wa watoto wetu watatu, na wa mama mkwe anayetoka Morogoro kuja kliniki ya macho Dar es Salaam. Hatuna gari jingine.

Mwezi wa Aprili, tukikaribia Chalinze, tulirukia tuta lisilo na alama. Gari lilipanda, likashuka, likapanda tena, likaendelea kuyumba kama mtumbwi. Kwenye kona nyuma ilitaka kutangulia mbele, na lori lilikuwa linakuja. Mama mkwe hakusema neno mpaka nyumbani. Usiku ule nilimwambia mume wangu: watoto hawapandi tena mpaka shokapu zibadilishwe.

Fundi wetu alinieleza vizuri. Springi hubeba gari, shokapu huituliza springi. Ndani ya ule mtungi kuna pistoni yenye matundu madogo, inapita kwenye oili. Oili ikipenya kwa shida, nguvu ya kudunda inageuka joto na kuisha. Sili ikichakaa oili huvuja, unabaki na bomba tu. Hata wewe msomaji unaweza kupima: kandamiza kona ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia. Zima hupanda na kutulia. Letu lilicheza mara nne. Matairi ya nyuma nayo yalikuwa yameliwa mabaka mabaka, nami siku zote nililaumu matairi.

Mume wangu alikwenda Kariakoo akarudi na jozi mpya ya nyuma, boksi limeandikwa 504. Alikuwa amechota kwenye ada ya muhula. Fundi alizipima, akatikisa kichwa. Kumbe 504 si gari moja. Kwa lile letu, kila gurudumu la nyuma hucheza peke yake. Stesheni wagoni, zile ndefu zilizobeba abiria Kenya, zina ekseli moja nzima nyuma, na shokapu zake si zetu. Muuzaji alikataa kurudisha hela.

"Tunachomelea kishikio kingine, mama, zitakaa tu," alisema kijana mmoja pale gereji. Mume wangu, kwa uchungu wa ile hela, alikuwa ameshakubali. Nilikataa mimi. Shokapu ikiwa ndefu mno, gari likididimia inafika mwisho kabla ya ile raba ya kuzuia, inapasuka au inang'oa kishikio. Ikiwa fupi mno, gurudumu likiingia shimoni linaning'inia juu yake. Na ngumu za magari ya mizigo sizitaki: 504 ilipendwa kwa ulaini wake barabara mbovu, nami nina mgongo wa bibi wa kuufikiria.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe, shokapu ya zamani nimeifunga gunia ndani ya kikapu, kwenye daladala watu wananitazama. Nilikuwa na vipimo kwenye karatasi: urefu ikibanwa, urefu ikivutwa, na vichwa vyake vilivyo. Duka la tatu mzee mmoja alishusha boksi lenye vumbi. Vipimo vilikubali. Lakini alikuwa mkweli: "Hii imekaa rafuni miaka, dada yangu, sili hukauka." Tuliisimamisha, tukaipampu mara kadhaa, ikawa inakamata juu tu, chini inateleza. Nikaiacha.

Aliyetutoa ni mfanyabiashara wa Nairobi, kwa kuwa Kenya waliunganisha 504 miaka mingi na spea bado huonekana. Tulimtumia picha na vipimo kabla ya hela. Zilikuja kwa basi.

Za mbele hazikununuliwa. Zimo ndani ya nguzo iliyozungukwa na springi iliyobanwa, na springi hiyo ikifyatuka inaua, basi asijaribu mtu nyumbani kwa kamba. Fundi alikuwa na kifaa chake cha kuibania. Alifungua, akabadilisha sili na oili pande zote mbili.

Jumamosi iliyopita tulimleta mama mkwe. Tuta la Chalinze tulilipita, gari likashuka mara moja likatulia. Kutoka Mlandizi hadi Ubungo alilala.

Ile jozi ya kwanza bado iko chini ya kitanda chetu. Mwenye stesheni wagoni tuzungumze bei.