Lida: Chombo cha Kupimia Msukosuko wa Hewa Baharini

Mtu asimamapo Ubungo alasiri, kando ya Barabara ya Morogoro, aweza kuutazama moshi wa magari ukipanda, ukijikunja na kutawanyika. Moshi huo hutawanywa na msukosuko wa hewa, yaani mikondo midogo kwa mikubwa izungukayo bila utaratibu katika tabaka la angahewa ligusalo uso wa dunia.

Juu ya bahari msukosuko huo una kazi kubwa zaidi. Maji yageukapo mvuke, mvuke ungetanda juu ya mawimbi tu kama usingepandishwa nao. Mvuke huchukua joto lililofichika, nalo hutoka pale mvuke unapokuwa mawingu na mvua. Joto hilo ndilo liendeshalo vimbunga kama Hidaya, kilichofika Mafia mwezi wa Mei 2024. Kwa hiyo, kukadiria nguvu za kimbunga kwahitaji kujua kiasi cha mvuke upandao.

Katika bahari kuu hakuna minara ya kupimia, wala moshi wa kutazama. Kuna chembe za chumvi zirushwazo na mawimbi yavunjikapo, na lida huzitumia hizo. Kikiwa ndani ya ndege, chombo hiki hutuma chini mapigo mafupi ya mwanga wa leza, na chembe hurudisha sehemu ndogo ya mwanga huo. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukirejea baada ya sehemu 10 za milioni za sekunde, umekwenda jumla ya kilomita 3. Basi chembe ziko kilomita 1.5 chini ya ndege.

Mwendo wa hewa hupimwa kwa kanuni ya Doppler. Honi ya basi linalokuja husikika nyembamba. Likisha kupita, husikika nzito. Vivyo hivyo, chembe zikipanda kuielekea ndege, idadi ya mawimbi ya mwanga yarudiyo kila sekunde huongezeka. Kwa leza yenye urefu wa wimbi wa maikromita 2, mwendo wa mita 1 kwa sekunde huongeza idadi hiyo kwa milioni 1. Mwendo wa ndege yenyewe hauna budi kuondolewa katika hesabu. Lida ya aina nyingine hupima mvuke. Vipimo hivyo viwili vikiunganishwa, kiasi cha mvuke upandao hujulikana.

Katika mradi wa INDOEX, Januari hadi Machi 1999, wakati wa kaskazi, ndege ya Marekani aina ya C-130 yenye lida iliruka kutoka Maldives kuchunguza matabaka ya chembe juu ya Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, mawingu mazito huuzuia mwanga, na mikondo iliyo midogo kuliko urefu wa pigo haionekani. Ndiyo maana vipimo vya meli na maboya vingali vyahitajika.

Wanafunzi waweza kuanza na moshi: wautazame alfajiri, ardhi ingali baridi, kisha adhuhuri, na kueleza tofauti waionayo.