Riba ya 10% Inaweza Kuwa Ghali Kuliko ya 15%

Shangazi yangu anauza omena pale Sindo. Mwaka huu aliamua kujenga nyumba ya mawe, akatafuta mkopo wa shilingi milioni 1 wa kulipa kwa miaka 5. Akapata ofa mbili: moja riba ya 10%, nyingine 15%.

Akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ulisoma mambo ya biashara? Nachukua ya kumi, sivyo?"

Nilikaribia kusema ndiyo. (Nilisomea marketing, shangazi, si hesabu!) Kumbe ofa ya kumi ilikuwa ya flat rate.

Kwenye flat, riba inahesabiwa kwa ile milioni nzima kila mwaka, hata ukiwa umeshalipa zaidi ya nusu. Hiyo ni 100,000 mara 5: nusu milioni ya riba, na awamu ya 25,000 kila mwezi. Ile ya 15% ilikuwa reducing balance, yaani riba inatozwa kwa salio lililobaki tu. Mwezi wa kwanza riba ni 12,500, halafu inazidi kushuka kadiri unavyolipa. Awamu inakuja kama 23,790 kwa mwezi, na riba yote kama 427,000. Kwa hiyo ile "ghali" ilikuwa nafuu kwa zaidi ya 70,000. Kama ile 10% nayo ingekuwa reducing balance, riba yote ingekuwa kama 275,000 tu.

Basi usiulize asilimia peke yake. Mwambie afisa wa mikopo akuandikie jumla utakayolipa hadi siku ya mwisho, pamoja na ada, bima, wakili na mthamini.

Uliza pia kama riba inaweza kubadilika. Mapema 2022 kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa 7%. Kufikia Februari 2024 kilikuwa 13%, na wenye mikopo ya riba inayobadilika walijionea awamu zikipanda. Sasa fikiria awamu kama hiyo ikikupata Aprili, uvuvi wa omena ukiwa umefungwa. Dhamana ni shamba, na kwa wengi wetu ndipo babu alipozikwa.

Na tukizungumza kuhusu babu: hati ya shamba bado ina jina lake? Benki haitaipokea mpaka mmalize mirathi kortini. Ukishaipata kwa jina lako, mume au mke lazima akubali, na shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Anza mapema, hapa ndipo wengi hukwama.

Ikiwa unanunua nyumba iliyokamilika, uliza benki au sacco yako kama inafanya kazi na KMRC, kampuni iliyoanzishwa 2018. KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Inazipa benki na sacco pesa za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa riba nafuu.

Shangazi hakuchukua ofa yoyote. Hana payslip, na wateja wake wengi walikuwa wanalipa keshi, kwa hivyo hakuwa na kitu cha kumwonyesha mkopeshaji kwamba biashara inaingiza pesa. Sasa hata gorogoro moja ya omena inalipwa kwa till. Baada ya miezi 6 atatoa taarifa ya miamala kwenye simu, arudi kuuliza tena, na safari hii swali lake la kwanza ni: flat au reducing?