Mzigo wa Minara Angani: Kuwagawa Watumiaji wa Rununu Miongoni mwa Droni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii huwasuta wale wauonao mzigo wa mwingine kuwa mwepesi kwa kuwa haujawaelemea wao. Hali kadhalika, mtu ambaye rununu yake inapiga simu bila tatizo hudhani kila mtu anawasiliana vivyo hivyo, ilhali jirani yake amejaribu mara kumi na simu haipiti. Aghalabu sababu si kukosekana kwa mnara, bali ni mnara mmoja kuelemewa huku mwingine ukikaa bure. Makala haya yananuia kueleza tatizo hilo lijitokezavyo pale minara inapobebwa na droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani. Hoja yetu ni kwamba kuinua mnara angani ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuwagawa watu.

Minara irukayo

Wazo hili si ndoto ya waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Mnamo Septemba 2017, kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico na kuzima takriban asilimia 95 ya vituo vya simu. Kampuni ya AT&T ilirusha huko droni iliyofungwa kwa kebo, ikaelea kiasi cha mita 60 juu ya ardhi na kuwaunganisha watu na mtandao kupitia setilaiti.

Hapa kwetu Kenya, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilizindua huduma kama hiyo mnamo Julai 2020. Loon haikutumia droni bali maputo yapatayo 35, yaliyoelea takriban kilomita 20 angani na kuhudumia eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, zikiwemo sehemu za Iten, Baringo, Kakamega na Narok. Mradi huo ulifungwa mwaka wa 2021 kwa kuwa haukuweza kujikimu kibiashara. Hata hivyo, ulituachia funzo: mnara wa angani hautulii mahali pamoja, na kwa hivyo swali la nani ahudumiwe na mnara upi huulizwa upya kila uchao.

Kiini cha tatizo

Kwa kawaida, rununu huchagua mnara ambao mawimbi yake inayapokea kwa nguvu zaidi. Hiyo ni kanuni ya mwenye nguvu mpishe. Kasoro yake ni kwamba rununu haiulizi mnara huo tayari unahudumia watu wangapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kambi moja ya waathiriwa wa mafuriko ina watu 90 wenye rununu. Juu yao zinaelea droni tatu, kila moja ikiweza kupitisha megabiti 60 kwa sekunde. Watu 70 wamejazana penye hema la chakula, chini ya droni ya kwanza. 15 wako chini ya droni ya pili, na 5 chini ya ile ya tatu. Wakihudumiwa wote kwa pamoja, kila mmoja katika kundi la kwanza atapata chini ya megabiti 1. Wa kundi la pili atapata 4, na wa kundi la tatu 12. Lau wangegawanywa 30 kwa kila droni, kila mtu angepata 2. Ni kweli kwamba anayehamishiwa droni ya mbali hupokea mawimbi hafifu, na fungu lake litapungua kiasi. Lakini foleni fupi ya mbali mara nyingi huwa heri kuliko foleni ndefu ya karibu.

Raj Jain na wenzake walipendekeza mwaka wa 1984 kipimo cha usawa ambacho hufikia 1 pale mafungu yote yanapolingana. Mizigo ya watu 70, 15 na 5 hupata takriban 0.52. Mizigo ya 30, 30 na 30 hupata 1 kamili.

Mbinu za kusawazisha

Mbinu ya kwanza ni kuipa droni yenye watu wachache alama za nyongeza. Rununu inapolinganisha mawimbi, huongeza alama hizo kwa droni hafifu na kuichagua japo haina nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba droni yenye nguvu huendelea kupaza sauti na kumvuruga aliyehamishwa. Kwa sababu hiyo, hutakiwa kunyamaza kwa vipindi vifupi mno ili mwenzake asikike.

Mbinu ya pili ni kuisogeza droni yenyewe, jambo lisilowezekana kwa mnara wa chuma. Droni ya tatu katika mfano wetu inaweza kusogea karibu na hema la chakula. Aidha, inaweza kupanda au kushuka. Ikipanda, huepuka vizuizi vya majengo na miti, lakini umbali hudhoofisha mawimbi. Akram Al-Hourani na wenzake walionyesha mwaka wa 2014 kwamba kuna kimo cha wastani ambapo eneo linalohudumiwa huwa kubwa zaidi, na kwamba kimo hicho hutegemea aina ya mazingira.

Mbinu ya tatu ni subira. Mfumo ukiwahamisha watu kila mizigo inapobadilika kidogo, rununu zitapigwa danadana baina ya droni mbili na simu zitakatika. Kwa hivyo huwekwa sharti kwamba tofauti baina ya droni hizo ifikie kiwango fulani, na idumu kwa muda fulani, kabla ya mtu kuhamishwa.

Isitoshe, aliye juu mngoje chini. Betri ya droni ndogo yenye mabawa ya kuzunguka hudumu takriban nusu saa. Kabla ya kutua, sharti watu wake wakabidhiwe droni nyingine zenye nafasi. Droni ya kebo haina shida hiyo, kwani hupokea umeme kutoka chini, ila haiwezi kuwafuata watu waendako.

Usawa upi?

Swali zito zaidi si la mitambo. Tarakilishi inayoongoza droni hufuata lengo ililopewa. Ikiambiwa ipitishe data nyingi iwezekanavyo kwa jumla, itawapendelea walio chini yake, kwa kuwa kumhudumia aliye pembezoni hula muda mwingi. Jumla itapendeza kwenye ripoti, na mama aliye ukingoni mwa kambi hataweza kumwita daktari. Ikiambiwa imtazame tu aliye nyuma kabisa, itawapunja wengi kwa ajili ya mmoja. Mtaalamu wa hisabati Frank Kelly wa Cambridge alipendekeza mwaka wa 1997 njia ya kati, ambayo hupima manufaa kwa uwiano. Kwayo, mtu anayetoka megabiti 1 hadi 2 huhesabiwa kunufaika sawa na anayetoka 10 hadi 20. Maskini hasahauliki, na tajiri hanyang'anywi.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kusawazisha mzigo wa droni ni suala la haki sawa na lilivyo suala la mawimbi. Uamuzi wa nani asubiri hufanywa na yule anayeiwekea tarakilishi lengo, mara nyingi kabla ya mafuriko kutokea. Wananchi hawawezi kuuhoji uamuzi wasioweza kuuzungumzia. Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Maneno mzigo, foleni, danadana na fungu tayari tunayo, na yametutosha katika makala haya. Tuyatumie kuyaeleza mambo haya kwa lugha inayoeleweka, ili siku droni zitakapofika kwetu, aliye ukingoni mwa kambi naye ajue la kuuliza.