Usafi wa Ukutani na Usafi wa Jikoni

Zamani mtu wa pwani alipotaka kula nje ya nyumba yake alijua pa kwenda. Asubuhi palikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi vya karai na mishkaki, na mpishi alikuwa mtu ajulikanaye, yeye na mlango wa kwao. Vitu hivyo vingaliko hadi leo, alhamdulillahi, lakini vimepata mshindani. Imeingia mikahawa ya vyakula vya haraka, ile yenye matawi dunia nzima, ambayo kuku wake wa Mombasa na kuku wake wa London hukusudiwa kuwa na ladha moja. KFC ilifungua mlango wake wa kwanza nchini Kenya mwaka 2011, huko Nairobi, kisha wengine wakafuata, na sasa hata sisi wa pwani tunao.

Nimewauliza jamaa kadhaa wa mtaani kwetu ni kwa nini huwapeleka watoto wao huko jioni ya Jumamosi, ilhali pesa ziishiazo hapo zingeweza kununua kitoweo cha nyumba nzima. Jibu lao lilikuwa moja: "Kule kuna usafi, bwana."

Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Je, usafi huo ni upi? Ni ule wa ukutani, au ni ule wa jikoni? Na hiyo bei ipandayo kila uchao yalipia kitu gani?

Kwanza yafaa tujue kwamba weupe wa mikahawa hii haukuja kwa bahati. Mwaka 1906 mwandishi wa Marekani aitwaye Upton Sinclair alitoa riwaya yake, The Jungle, iliyofichua uchafu wa viwanda vya nyama mjini Chicago. Watu wakaingiwa na kinyaa, na mwaka huo huo serikali yao ikapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Hata hivyo nyama ya kusaga ikawa haiaminiki tena. Ndipo mwaka 1921, katika mji wa Wichita, mabwana wawili, Billy Ingram na Walter Anderson, walipofungua mkahawa wakauita White Castle, yaani Ngome Nyeupe. Jengo likawa jeupe, na nyama ikakaangwa mbele ya macho ya mteja na kuuzwa kwa senti 5 tu. Biashara ikashamiri. Tangu siku hizo mteja wa chakula cha haraka huuziwa vitu viwili kwa pamoja, nyama na utulivu wa moyo.

Lakini wahenga wetu walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanzoni mwa mwaka 1993, huko huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula nyama ya kusaga ya mikahawa ya Jack in the Box, na watoto wanne wakafa. Kijidudu kilichowadhuru, E. coli O157, hukaa ndani ya matumbo ya ng'ombe na hufa nyama inapoiva barabara. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kuagiza nyama ya namna hiyo ifikie joto la nyuzi 68 za sentigredi, nayo mikahawa ile ikawa inapika kwa kipimo cha chini kuliko hicho. Kuta zilikuwa safi na meza zilikuwa safi. Nyama haikuiva, basi.

Wala hizo si habari za kale pekee. Mwaka 2024 watu zaidi ya 100 waliugua nchini humo na mmoja akafa, na wachunguzi wakafuata nyayo za maradhi hayo hadi kwenye vitunguu vibichi vilivyotiwa katika mikate ya nyama ya McDonald's. Safari hii vitunguu vilishukiwa kuwa viliingia jikoni vikiwa na madhara yake. Kitu kibichi hakina moto wa kukitakasa. Kikija kichafu, huliwa kichafu. Na sisi, ndugu msomaji, ni watu wa kachumbari. Tusidhani kisa hicho hakituhusu.

Wataalamu wa afya hutufundisha kwamba vijidudu vya chakula hustawi baina ya nyuzijoto 5 na 60 za sentigredi. Katika joto liwafaalo, baadhi yao huzaana mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu: kimoja kikiachwa kwa saa 7 chaweza kuwa zaidi ya milioni mbili. Hebu lifikirie joto letu la Mombasa mwezi wa Februari, na sufuria ya mbaazi za nazi iliyopikwa alfajiri na kuachwa hadi alasiri. Kuchacha ndiko tukuonako kwa pua, lakini si kila kibaya hunuka. Kuna vijidudu ambavyo huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mwiku wako mpaka utokote. Kwa hiyo usafi wa chakula ni mambo manne: maji, mkono, moto na saa. Rangi ya ukuta haimo.

Katika hayo manne, lazima tuseme kweli, mikahawa mikubwa ina lake la kutufundisha. Ina vipimo vya joto, ina saa za kuhesabia, ina kanuni kwamba chakula kilichokaa kupita muda wake kitupwe. Hilo ni jambo jema. Ila kanuni iliyobandikwa jikoni yahitaji mtu wa kuifuata. Mwezi uliopita niliingia katika mkahawa mmoja wa namna hiyo, jina lake silitaji. Bei zilikuwa zimepandishwa, na watumishi walionekana wachache. Kijana mmoja alikuwa akipokea pesa, akipangusa meza kwa kitambaa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akitia chipsi mfukoni pasi na kunawa. Simlaumu kijana yule, kwani kazi ya watu watatu imewekwa juu ya mabega ya mmoja. Lakini nilijiuliza: nikiongezewa bei na nikapunguziwa mikono ya kunihudumia, nimenunua usafi gani?

Ama kuhusu bei zenyewe, zina sababu, tena nyingine ni za haki. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei ya ngano na ya mafuta ya alizeti. Aprili mwaka huo Indonesia, nchi itoayo mafuta mengi ya mawese kuliko zote, ikazuia kuyauza nje kwa majuma kadhaa, nasi Kenya twategemea mno mawese ya kuagiza. Mwaka 2023 ushuru wa thamani juu ya mafuta ya magari ukapandishwa hapa kwetu kutoka asilimia 8 hadi 16. Muuza bhajia wa kichochoroni na kampuni kubwa wote waliumia. Hata Marekani walilalamika. Mwaka 2024 mkuu wa McDonald's nchini humo alilazimika kuwaandikia wateja barua, akikiri kwamba bei ya wastani ya Big Mac imepanda kwa asilimia 21 tangu mwaka 2019.

Lakini nyingine twajitakia. Januari 2022 Wakenya walistaajabu kusikia kwamba KFC imeishiwa na chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka ng'ambo imechelewa, ilhali wakulima wa Nyandarua wana viazi shambani. Kampuni ikaeleza kwamba kila amwuziaye viazi sharti apite ukaguzi wake. Watu wakahamaki, nayo ikaahidi kushirikiana na wakulima wa hapa. Mimi naona ukaguzi ni haki. Kilichokuwa kibaya ni kuwa mkulima wetu hakuandaliwa apite ukaguzi huo, na mlaji akaendelea kulipia nauli ya kiazi melini.

Sasa hatari iko hapa. Mambo yakiwa ghali, mwuzaji huyatumia yale yale mafuta siku nyingi hata yakawa meusi na mazito, huzima friji usiku kuokoa umeme, na kuku wa jana humchanganya na wa leo. Rahisi yavunja upishi, walisema wazee, na hilo ni kweli kwa tajiri na kwa maskini. Tofauti ni kwamba mama anayekaanga viazi barazani huyaona mafuta yake nami nayaona, lakini ya mkahawa mkubwa yako nyuma ya mlango.

Sisi Waislamu tuna jambo jingine la kuzingatia. Watu wengi wakishaona cheti cha halali kimetundikwa, huketi wakala. Cheti hicho ni muhimu, lakini Qur'ani inapotaja chakula cha halali hukiandamanisha na neno tayyib, yaani kilicho chema na safi. Kuku aliyechinjwa kwa kisu cha Kiislamu kisha akaachwa kwenye joto mchana kutwa amekamilisha la kwanza akakosa la pili. Watu waliokuwa wakipitishiwa birika na tasa kabla ya sinia kuletwa, haiwi leo wakasahau kuuliza maji ya kunawa yako wapi.

Basi tufanyeje? Tuulize, bila haya. Sheria ya Kenya yamtaka kila ashikaye chakula cha kuuza apimwe afya na kupata cheti, ambacho huhuishwa kila miezi 6. Kiombe ukione, iwe ni kwenye mkahawa wa vioo au kwenye kibanda cha mishkaki. Tazama mfereji na sabuni kabla ya kutazama picha za kuku ukutani. Kuku akiwa na damu mfupani, mrudishe. Chakula kiwe cha moto, na kachumbari iwe imekatwa sasa hivi.

Na wale mama na vijana wetu wapikao kando ya njia, wanaotulisha kwa bei tuiwezayo, tusiwakimbie kwa kuwa hawana kuta nyeupe. Serikali ya kaunti iwapatie maji safi na pa kutupia taka, kisha iwakague kwa haki. Wakipata maji, mikono yao ni safi na moto wao uko tayari.